Jibu: Kwa nini sthā inakuwa tiṣṭhati?

Ndugu, umeuliza kwa nini mzizi wa Kisanskriti sthā, yaani kusimama, hautoi sthāti bali tiṣṭhati, “anasimama”. Huo ni urudufishaji. Konsonanti hurudiwa mwanzoni, ila s na th (t yenye pumzi) zikiungana, Kisanskriti hurudia th peke yake, tena bila pumzi: ti-sthā. Ile i hugeuza s kuwa ṣ, inayotamkwa ulimi ukikunjwa nyuma, nayo ṣ huvuta th kuwa ṭh, kwa ulimi uleule. Basi unapata tiṣṭhāmi, tiṣṭhasi, tiṣṭhati. Wakati ujao haurudufishwi: sthāsyati.

Mtindo huu ni mkongwe kuliko Kisanskriti chenyewe. Kigiriki kina histēmi, Kilatini sistō. Pāṇini, mwanasarufi wa kale wa Kisanskriti, hakujisumbua na historia, aliamuru tu tiṣṭha ishike nafasi ya sthā. Ukimaliza, jaribu pibati, “anakunywa”, kutoka mzizi pā.