Foleni ya shule binafsi Sweden: je, mabadiliko yatamfaa mwanangu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto wawili kutoka Bujumbura, na nilihamia Göteborg mwaka jana. Mtoto wa jirani yangu anasoma shule binafsi bila ada yoyote kwa kuwa gharama zinalipwa kwa fedha za umma. Nilipomwombea nafasi mwanangu wa miaka sita katika shule hiyo, niliambiwa kuwa walioandikishwa kabla yake ni wengi mno. Nasikia kuna mapendekezo ya kubadili utaratibu huu. Je, yatamsaidia mwanangu?
Mama wa wawili, Göteborg

JIBU: Ahsante, mama. Tangu mageuzi ya mwaka 1992, manispaa za Sweden hutoa fedha zinazomfuata mwanafunzi hadi shule aliyoichagua, iwe ya manispaa au binafsi, na kwa sasa shule binafsi inayopokea fedha hizo hairuhusiwi kutoza ada. Leo takriban mtoto mmoja kati ya sita wa shule ya msingi anasoma katika shule za aina hiyo.

Mjadala unaousikia zaidi unahusu faida. Kampuni zinazoendesha shule hizo zinaruhusiwa kuwagawia wenye hisa faida inayotokana na fedha za kodi, na tangu kampuni ya JB Education ilipoanguka mwaka 2013, ikiwaacha maelfu ya wanafunzi katika wasiwasi, madai ya kuibana faida hiyo hayajakoma. Jambo hilo ni zito, ila kinachomfungia mlango mwanao ni foleni.

Shule binafsi yenye waombaji wengi kuliko nafasi inaruhusiwa kupokea watoto kwa kufuata tarehe walipoandikishwa, na kwa shule zinazogombewa, wazazi wanaoufahamu utaratibu humwandikisha mtoto angali mchanga, hivyo mtoto aliyefika nchini akiwa na miaka mitano huwa amekwisha kuachwa nyuma kabla mzazi wake hajajua kwamba foleni ipo. Naona hiyo ni dhuluma, maana fedha ni za umma. Mwaka 2020 tume ya serikali ilipendekeza muda wa foleni usiwe tena kigezo, lakini mwaka 2022 Bunge lilikataa. Wala si jambo lisilowezekana: Chile, yenye mfumo kama huu tangu mwaka 1981, ilipitisha sheria mwaka 2015 iliyozuia faida na kuzinyima shule uwezo wa kuchagua watoto, na pale waombaji wanapozidi nafasi, kura ya bahati nasibu ndiyo huamua.

Kwa hiyo, ukisikia pendekezo jipya, angalia kwanza linasemaje kuhusu foleni, kwa sababu likigusa faida peke yake, nafasi ya mwanao itabaki palepale. Kwa sasa mwandikishe katika shule kadhaa, pamoja na mdogo wake ikiwa bado hajaanza shule. Uliza pia kama shule imetenga nafasi za watoto wageni, kwani sheria inairuhusu, bila kuilazimisha, kutenga hadi asilimia 5 kwa waliokaa nchini chini ya miaka miwili. Muda huo kwenu unakwisha karibuni. Chagua na shule ya manispaa, na popote atakapopokelewa, omba afundishwe lugha mnayoizungumza nyumbani, ambayo kwa kawaida hutolewa wakipatikana wanafunzi watano katika manispaa pamoja na mwalimu anayefaa.