Hicho kiondo usikiguse

Shangazi shikamoo. Niko Donholm, nimeolewa miaka 14, tuna watoto watatu. Mama mkwe alituacha Oktoba mwaka jana akiwa na miaka 89 na tangu hapo mume wangu si yule. Kila Jumamosi yuko soko la Kariokor kwa wale wamama wenye walikuwa wanasuka na mamake, akirudi jioni hasemi kitu. Sebuleni ametundika kiondo chenye mama hakumaliza, kimebaki vidole vinne tu kifike mdomo, nyuzi zinaning'inia, wageni wanauliza ni nini. Saa hii anataka kutumia elfu sitini kukodisha basi apeleke hao wamama Machakos kwa ukumbusho, na mimi hiyo pesa nilikuwa nimepangia viti. Mama alikuwa mtu mzuri sikatai, lakini aliishi maisha yake akamaliza. Zile wiki za mwisho sikufika hospitali sana juu ya mambo ya ofisi. Mwambie aachane na hayo tuendelee.
Nimechoka, Donholm

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Nakupa pole wewe kwa sababu nimesoma barua yako mara tatu na hakuna mahali umesema ulifiwa.

Mume wako sitamwambia aachane na chochote. Hana kosa. Mwanamume mwenye nia mbaya hapotezi Jumamosi yake akikaa na wamama wa miaka themanini wakisokota katani, anaenda pale kwa sababu wale wanamtaja mamake bila kuangalia saa, na nyumbani kwake kuna mtu anahesabu viti.

Halafu barua yako ilikuwa ndefu, sikuiweka yote hapa. Ukurasa wa pili ulilalamika ati siku zingine mume anarudia stori za mama zile zile, kisha ukaziandika zote, moja baada ya nyingine, hujakosea hata moja! Jinsi alivyokuja Nairobi akiwa bibi harusi wakaishi chumba kimoja kwa nyumba za reli pale Muthurwa. Jinsi alivyotembea usiku ule wa Desemba 1963 mpaka Lang'ata Road, kifungua mimba mgongoni, kwenda kuona bendera ya mkoloni ikishuka, na watu walivyokuwa wengi hakuona bendera, aliona migongo ya watu na taa akarudi na miguu imevimba akisema ameona uhuru. Njaa ya 1984, ile ya mahindi ya manjano, alivyokuwa akiamka gizani kutuma unga na basi la kwenda nyumbani, gunia lina jina la shemeji limeandikwa na makaa. Na viondo vilipoanza kupendwa huko Ulaya na Marekani, alivyosokota usiku na mchana, uzi wa katani ukiviringishwa pajani mpaka ngozi ikawa ngumu kama kisigino, na karo ya watoto sita ikatoka hapo. Akiwa na miaka 86 bado alipanda basi mvua ikikaribia akapande mbaazi zake.

Huyo ndiye ati aliishi akamaliza? Mwanangu, mtu kama huyo hamalizwi na mwaka mmoja. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na uchungu wa kufiwa na mama anaujua mwenye alinyonya, usimpimie mwenzako siku za kulia.

Ndoa za siku hizi zina shida hii, tunaolewa na mwanamume kama vile aliokotwa stejini, hana mama, hana kwao, hana deni la mtu, tunataka mshahara wake na wikendi zake. Lakini ule upole ulikufanya ukubali posa ulifunzwa na nani? Kuna mwanamke alikaa sakafuni na uzi pajani akamfunza. Mimi nilifika kwa mama mkwe wangu nikiwa na miaka 22 na mdomo mrefu, na leo mchuzi wenye watoto wangu wanausifu ni wake, hata ile chumvi ya kuongeza mwisho ni yake.

Sasa nirudi kwa kiondo. Umesema kimebaki vidole vinne kifike mdomo. Mgeni akikiangalia ukutani haoni vidole vinne, hiyo unaijua tu kama ulikishusha ukakipima na mkono wako, labda mume akiwa kazini, labda ukilia. Na hospitali hujaulizwa, umeitaja mwenyewe. Mimi naona hujachoka na mume, unajuta, na kila ukiona zile nyuzi unakumbuka siku zenye hukwenda. Mwambie mume wako hivyo. Usiku, watoto wakilala, mwambie sikufika na naumia. Atakusikia kuliko unavyodhani.

Elfu sitini ipeleke kwa basi, viti vitangoja. Wale wamama wengine hawatafika ukumbusho wa pili.

Na Jumamosi hii enda Kariokor na yeye, beba kiondo, beba na yule msichana wako mwenye umesema ana miaka 12. Waombe wamama wamwonyeshe mkono, amalize vile vidole vinne vya susu, nyanya yake, hata kama safu zake zitapinda. Ukanda wa ngozi utawekwa hapo hapo sokoni, enda na pesa kidogo ya fundi.