Vigae vinavuja mvua ya upepo

SWALI: Nyumba yangu ipo Uyole, Mbeya, vigae vya zege. Mvua ya kawaida haiingii, ila ikija na upepo dari ya sebuleni hulowa. Fundi kapaka lami mara mbili. Nifanyeje?

JIBU: Achana na lami, inaficha tu. Fungua vigae vichache upime nafasi ya papi, yaani mbao nyembamba zinazobeba vigae, toka ukingo wa juu wa moja hadi ukingo wa juu wa inayofuata. Kigae cha sentimita 42 kinatakiwa kulaliana na mwenzake angalau 7.5, hivyo nafasi isizidi 34.5, paa lililolala sana, 32. Ukikuta 37, umempata mchawi: vigae vinalaliana sentimita 5 tu, na upepo unayapandisha maji hadi yavuke kichwa cha kigae. Hapo hakuna kiraka. Papi zing'olewe zipigwe upya, na utaongeza takriban safu moja kwa kila mita 5 za mteremko.

Papi zikiwa sawa, mwagia maji kwa mpira ukianzia chini, dakika kumi kila safu, mtu akiwa darini na tochi. Doa lisikudanganye, maji hutambaa kwenye kenchi kabla ya kudondoka. Kagua pia saruji ya kofia, vigae vya kileleni mwa paa. Kazi ya papi ingoje Juni, mvua zikishakata.