Likizo ya tanga kwenye mito ya Norfolk: maswali yenu na majibu yetu

Msimu wa kukodi boti za matanga kwenye mito ya Norfolk, mashariki mwa Uingereza, huanza karibu na Pasaka na kuisha Oktoba, na maswali ya familia zinazokwenda kwa mara ya kwanza hufanana mno. Tumejibu yaliyojirudia zaidi. Ya bei tumeyaacha. Waulizeni wenye boti.

Mimi na mume wangu tuna watoto wawili, miaka 8 na 12. Je, tunahitaji leseni? Na ni mto gani hasa? (Msomaji, Leicester)

Leseni haihitajiki, dada. Eneo lote huitwa Broads: mito ya Bure, Ant na Thurne kaskazini, Yare, Waveney na Chet kusini, pamoja na maziwa madogo ambayo asili yake ni mashimo. Watu wa karne za kati walichimba udongo mweusi wa mabwawani wakaufanya kuni, kisha maji yakajaa. Njia za maji zinafika kilomita 200 hivi, na hakuna hata lango moja la kupandishia boti. Kwa tanga hilo ni jambo kubwa.

Ila mwenye boti atakuuliza nani kati yenu anajua tanga, na mseme kweli. Safari za utalii kwenye jahazi la watu hazihesabiki. Mmoja wenu achukue mafunzo ya siku mbili kwanza, akitoka hapo ajue kupiga bisho, yaani kwenda upande huu na ule dhidi ya upepo, na kufikisha boti gatini. Pale Ludham, Hunter's Yard hukodisha boti za mbao ambazo kundi lake lilianza kuundwa miaka ya 1930, na ziliundwa bila injini. Wengine hukodisha zenye injini ndogo. Kwa safari ya kwanza na watoto, chukueni yenye injini. Hakuna aibu.

Ulizeni pia kuhusu paa. Boti nyingi za huko zina paa la chumba linaloinuliwa usiku, lenye kuta za turubai, ili mtu mzima aweze kusimama. Mchana lazima lishushwe na kufungwa kabla ya kutweka tanga.

Kwa wiki moja tufike wapi? Nimechora ramani ya kuzunguka mito yote sita. (Msomaji, Manchester)

Chora upya. Kwa upepo mzuri boti inakwenda maili 3 au 4 kwa saa; kwa upepo wa mbele, gawanya kwa mbili au zaidi. Mwendo umewekewa kikomo cha maili 3 hadi 6 kwa saa kutegemea sehemu, lakini kwa tanga hicho si kikwazo chako. Hesabu saa nne za safari kwa siku, basi. Boti za kukodi haziruhusiwi kutembea usiku.

Upepo wa kawaida huko hutoka kusini-magharibi. Ukianzia Ludham, siku za mwanzo nenda Thurne Mouth, kisha uupande mto Bure kuelekea magharibi, upite magofu ya abasia ya St Benet's hadi Ranworth. Hapo kuna kanisa ambalo mnara wake unapandwa, na ukiwa juu unaiona mito imelala kwenye majani. Ule ugumu wa kwenda joshi, yaani upande unakotoka upepo, umalize ukiwa na siku nyingi mkononi. Anayeanza kwa kuteremka na upepo hadi ziwa la Hickling, akasahau kwamba kurudi ni bisho mtupu, ndiye anayempigia simu mwenye boti Ijumaa jioni.

Ukiupanda mto Bure ukapita Horning, kuelekea Wroxham, miti imeziba kingo zote mbili na upepo haufiki chini. Kwa boti isiyo na injini sehemu hiyo haifai.

Nimeendesha ngalawa na mashua Pangani tangu udogoni. Tanga ni tanga. Kuna nini cha kunifundisha? (Msomaji, Reading)

Machache, kaka, lakini yanauma. Joshi na demani, upande unakoelekea upepo, unazijua, na upepo unausoma kwa shavu. Kinachobadilika ni namna ya kugeuza. Mashua yako huigeuza kwa kuupa upepo tezi, yaani nyuma ya boti, ukapitisha foromali, ule mti wa tanga, mbele ya mlingoti. Hizi zinageuka kwa omo, yaani mbele ya boti, kukata upepo, na tanga linahama lenyewe. Tanga hilo limefungwa kwenye mti mzito wa chini, unaopita usawa wa kichwa cha aliyesimama. Ukigeuza kwa tezi kwa mazoea yako, bila kuvuta kwanza kamba ya tanga hilo, mti ule utafyatuka kutoka upande hadi upande. Kila kugeuza, toa sauti, na watoto wawe wamekaa.

Mto una upana wa mita 30 au 40 tu, kwa hiyo utabisha mara nyingi mno. Siri ni kasi. Iache omo iondoke kidogo kwenye upepo boti ishike mwendo, kisha sukuma kana, mkono wa usukani, polepole kuelekea demani; ukiisukuma kwa nguvu, usukani unageuka kuwa breki. Kamba ya tanga dogo la mbele usiiachie mapema. Subiri tanga lile lipigwe na upepo kwa mgongo, lisukume omo, ndipo uachie na kuvuta ya upande wa pili. Kamba ya tanga kubwa huna haja ya kuigusa. Geuza ukiwa bado na urefu wa boti moja kabla ya matete, maana mkuku, sehemu ya chini kabisa ya boti, hugusa tope kabla omo haijafika ukingoni, na karibu na matete upepo huwa umekufa.

Boti ikikwama imeelekeza omo kwenye upepo, haiendi huku wala kule, vuta tanga la mbele kwa mkono litoke upande mmoja. Omo itasukumwa upande wa pili. Kumbuka tu kwamba boti ikirudi nyuma, usukani unafanya kazi kinyume.

Kutweka nako kuna lake. Tanga kubwa lina mti wa juu wenye jarari (kamba za kutwekea) mbili, moja karibu na mlingoti na nyingine kwenye ncha. Zivute pamoja, mti ukae sawa na maji hadi juu. Kaza ya mlingotini kwanza mpaka ukingo wa mbele wa tanga unyooke, kisha endelea na ya ncha mpaka uone mkunjo mmoja mwembamba ukishuka kutoka ncha ya juu hadi pembe ya chini karibu na mlingoti. Acha hapo. Tanga likijaa upepo, mkunjo unapotea. Usipouona kabisa, tanga litaning'inia kama shuka na boti haitapanda joshi.

Madaraja yananitisha. Mlingoti unalazwaje? (Msomaji, Mombasa, anayekwenda kuungana na jamaa Norwich)

Mlingoti wa huko umesimamishwa ndani ya kisanduku wazi, unazunguka kwenye chuma, na kitako chake kina uzito wa kuusawazisha. Watu wazima wawili wanatosha. Kinachowaangusha wengi ni kuanza kazi wakiwa bado mtoni, daraja likiwakaribia.

Funga boti kwanza, kwenye gati lililotengwa kwa kazi hiyo kabla ya daraja. Tua matanga, ulaze miti yote miwili kwenye panda, yale magongo yenye uma yanayosimamishwa nyuma, uifunge. Fungua kifuniko cha sitaha mbele ya mlingoti, maana kitako chenye uzito kitapanda kupitia hapo. Hakikisha hakuna jarari iliyonasa wala mtoto aliyekaa kwenye njia ya uzito huo. Toa pini ya kitako. Mmoja mbele analegeza kamba yenye gofia inayoshika mlingoti, taratibu, akiwa ameizungusha kwenye chuma cha kufungia ili isimponyoke. Mwingine nyuma anaupokea mlingoti na kuulaza kwenye panda. Ukigoma njiani, usilazimishe. Karibu kila mara ni kamba iliyonasa au kifuniko kisichofunguliwa sawasawa.

Daraja la mawe la Potter Heigham ndilo maarufu. Lina uwazi wa mita 2 hivi maji yakijaa kawaida, tena katikati ya tao tu. Pembeni linashuka haraka. Boti za injini za kukodi zenye vyumba vya kulala hazipiti bila rubani wa daraja. Soma ubao wa vipimo kabla hujaingia, maana upepo mkali wa kaskazini-magharibi ukivuma baharini maji hupanda mitoni na yakakaa juu. Pita dhidi ya mkondo ukiweza kuchagua saa: boti inayokwenda na mkondo haisimami. Na usisimamishe mlingoti ukitoka tu. Mbele kidogo kuna daraja la pili la barabara kuu.

Upepo ukifa kabisa na boti haina injini? (Msomaji, Dar es Salaam)

Upondo, mti mrefu wa kusukumia boti. Kila boti ya tanga ya huko hubeba mmoja, wa mita 5 au 6, wenye kitako kilichotengenezwa ili usizame sana kwenye tope na kifundo cha mbao juu cha kuwekea bega. Simama mbele kando ya mlingoti, uudondoshe wima karibu na ubavu wa boti hadi uguse chini, uweke kifundo begani na utembee kuelekea tezi ukisukuma. Kabla hujafika mwisho, zungusha upondo nusu mzunguko ndipo uvute. Mzunguko huo unavunja tope lililoushika. Ukigoma kutoka, uachie. Mtu anayeung'ang'ania hubaki nao mtoni huku boti ikiondoka, na upondo unaelea, mtaurudia.

Upondo huo huo ndio dawa ya kupwelewa, yaani boti kukwama kwenye kina kidogo. Chini ni tope laini, boti haiumii. Tua tanga, wote wakae upande mmoja boti ilale na mkuku uinuke, kisha sukuma urudi ulikotoka. Kwenye ziwa la Hickling, kubwa kuliko yote na kina chake kidogo, kaa katikati ya nguzo nyekundu na za kijani.

Boti za injini ni nyingi. Nani ampishe nani? (Msomaji, London)

Ya injini humpisha mwenye tanga. Ila anayeiendesha huenda alikabidhiwa usukani asubuhi ile ile na hajui utageuka lini. Mwonyeshe kwa mkono apite nyuma yako, na ukishamwonyesha usibadili nia. Kati ya matanga mawili, anayepata upepo kutoka kushoto humpisha anayepata kutoka kulia. Wakiwa na upepo upande mmoja, aliye joshi hupisha.

Jaketi okozi kila wakati, hata juani? (Msomaji, Leicester tena)

Ndiyo, kwa watoto kila wakipanda sitahani na kila wakitembea gatini, pamoja na mkanda unaopita katikati ya miguu. Bila huo jaketi hupanda likaacha mtoto chini. Boti ikiwa imefungwa ndipo watu wengi huanguka, wakivuka na sahani mkononi.

Usiku tunafungaje boti penye majani matupu? (Msomaji, Birmingham)

Kwa nanga mbili ndogo za ukingoni, zenye jino moja. Ukaribie ukingo dhidi ya upepo, tanga likipepea, ila mkondo ukiwa na nguvu kuliko upepo, elekeza omo kwenye mkondo. Upepo na mkondo vikipingana, tua tanga kubwa kabisa, uje na la mbele. Mtu ashuke kwa hatua moja, asiruke, na asizuie boti kwa mguu. Zamisha jino lote ardhini kwa kulikanyaga, mbali na njia ya wapitao, moja mbele ya omo na moja nyuma ya tezi, kamba ziwe na mshazari mrefu. Legeza kiasi: Hickling maji hupanda na kushuka sentimita chache tu, lakini kadiri unavyosogea Great Yarmouth inafika zaidi ya mita moja, na kamba iliyokazwa wakati maji yamejaa inaining'iniza boti alfajiri. Magati ya Mamlaka ya Broads yasiyolipiwa mwisho wake ni saa 24.

Tunaweza kubeba jiko la mkaa kwa nyama? (Msomaji, Milton Keynes)

Nchi kavu, mahali panaporuhusiwa, sawa. Ndani ya boti hapana, hata makaa yakionekana yamezimika, hata "kwa joto kidogo tu usiku". Chumba ni kidogo na kuta ni turubai na mbao. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi. Tangu Aprili 2019 boti zenye vyumba vya kulala zinatakiwa kuwa na king'ora cha hewa hiyo. Kibonyeze siku ya kwanza mbele ya mwenye boti, usikie kikilia. Pikeni kwa jiko la gesi la boti, dirisha wazi, na mtungi ufungwe mkimaliza.

Tukitaka mito ya kusini lazima tupite Great Yarmouth? (Msomaji, Nairobi)

Lazima, kisha uvuke Breydon Water, eneo pana la maji yanayopanda na kushuka na bahari, lenye tope pande zote. Mkondo pale una nguvu kuishinda boti yako, na madaraja ya Yarmouth yanadai mlingoti ulazwe. Wanaopita hulenga saa moja hivi baada ya maji kupwa kabisa kwa mujibu wa jedwali la Yarmouth: hapo ndipo mto Bure unapotulia, na uwazi chini ya madaraja bado ni mkubwa. Bila injini msijaribu, na hata mkiwa nayo pateni kwanza ruhusa ya mwenye boti kwa siku hiyo. Mkiitamani Waveney, kodini boti nyingine inayoanzia kusini.