Kipindi Ambacho Bibi Anaweza Kukisimulia Asubuhi

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii liliuliza: "Je, bado kuna vipindi vya televisheni ambavyo familia nzima inaweza kuketi ikavitazama pamoja bila ya mtu kuinamisha uso?" Jibu langu ni kwamba vipo. Ila mimi ilinichukua miaka mitatu kuvipata, kwa sababu muda mwingi nilikuwa natafuta kitu kingine.

Tunaishi Mikindani, Mombasa, watu sita: mimi, mume wangu anayefanya kazi ya zamu bandarini, watoto wetu watatu na mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, aliyekuja kukaa nasi baada ya kufiwa na mumewe. Runinga tunayo moja, iko ukumbini, na ukumbini ndiko anakolala mavyaa. Kwa hivyo hakuna pa kumwambia mtoto "nenda katazame kwako", wala pa kumwambia mama "kapumzike". Anachotazama mmoja wanatazama wote.

Mwanzoni nilitegemea rimoti. Nilikuwa nayo mkononi tangu Magharibi mpaka kulala. Watu wakianza kusogeleana, nabadilisha. Bunduki ikitolewa, nabadilisha. Mwanamke akitoka bafuni, nabadilisha kabla mavyaa hajainua uso. Usiku mmoja nilibadilisha mara nyingi hivi kwamba akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hebu zima tu. Chanitia kizunguzungu." Nikazima. Watoto wakubwa wakashika simu, mdogo akaja kulala mapajani kwangu, na yeye, asiye na simu ya kutazamia chochote, akageukia ukutani. Ilikuwa bado saa mbili na nusu.

Baada ya hapo tukahamia katuni za Kiingereza. Hazina busu wala damu, na kitinda mimba wangu, aliyekuwa na miaka minne wakati huo, alizipenda sana. Nikadhani nimemaliza kazi. Haya ilikuwa imehifadhiwa, hilo sikatai, na kwetu haya mbele ya mkwe si jambo dogo. Lakini mavyaa hakuelewa hata neno moja. Alikaa pale kwa adabu, tasbihi mkononi, akisubiri tumalize ili atandike kitanda chake. Tulikuwa tumemfanya mgeni katika chumba chake mwenyewe.

Kilichonifungua macho ni kipindi cha Ubongo Kids. Ni katuni za kufundisha hesabu na sayansi, zilizoanza kutengenezwa Dar es Salaam mwaka 2014, kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza. Niliwawekea watoto tu. Ikaja hesabu ya kugawanya, mwanangu wa kiume akaanza kuhesabu vidole, na kutoka nyuma yetu tukasikia: "Mahamri ishirini na manne, watu watano. Kila mtu manne, yanabaki manne, hayo ni ya aliyepika." Mavyaa aliuza mahamri mlangoni kwake Majengo kwa zaidi ya miaka thelathini. Hakuwahi kuona hesabu yake ikiimbwa na katuni. Asubuhi yake nikawakuta jikoni, yeye na mwanangu mdogo yule, wakibishana jinsi kipindi kilivyokwisha. Kila mmoja na masimulizi yake, na kila mmoja ana hakika.

Tangu siku hiyo kipimo changu ni hicho. Kipindi cha familia ni kile ambacho kesho yake asubuhi mkubwa kabisa wa nyumba na mdogo kabisa wanaweza kukisimulia. Kikiwa kichafu, hakuna atakayethubutu kukisimulia mbele ya mwenzake. Kikiwa safi lakini lugha yake inamwacha mmoja nje, au hadithi yake haina mtu wa rika lake wa kumfuata, vilevile hatakuwa na la kusimulia.

Kwa kipimo hiki vipindi vingine vya zamani vimetufaa kuliko nilivyotarajia. Vichekesho vya Vioja Mahakamani na Vitimbi vilianza enzi za Voice of Kenya, stesheni ya taifa, kabla haijaitwa KBC mwaka 1989, na vipande vyake vingi vinapatikana YouTube. Mavyaa anamjua Mzee Ojwang wa Vitimbi kama mtu anavyomjua jirani; alipofariki mwaka 2015 alimsomea dua. Watoto wanamcheka kwa jinsi anavyotembea tu, hata kabla hajasema neno. Mzaha mwingine wa wakati ule siupendi, nao huwa tunauzungumza kipindi kikiisha. Machachari ya runinga ya Citizen, ambayo wahusika wake wakuu ni watoto wa mtaa kama wetu, ilimvuta mwanangu wa kati. Shamba Shape Up, inayowaendea wakulima mashambani mwao tangu mwaka 2012 na hutolewa kwa Kiswahili pia, nilidhani haituhusu sisi wa mjini tusio na hata ua. Sasa mavyaa ana sukumawiki katika magunia mawili mlangoni, na watoto wana zamu ya kumwagilia.

Tamthilia za Pwani nazitaja kwa furaha na kwa tahadhari. Sultana ilipoanza Citizen, ikiwa na binti asiyeona na watu wanaozungumza Kiswahili chetu, mavyaa alikaa wima. Tulikuwa tumezoea kuona Mpwani kwenye runinga akiwekwa ili achekwe. Lakini fitina, sumu na mapenzi ya siri ni mengi mno katika hadithi za namna hiyo kwa mtoto mdogo. Hizo tunazitazama mdogo akishalala, wala sijuti.

Jambo ambalo ningependa kulieleza kwa urefu ni la vipindi vya Kiingereza, kwa sababu wazazi wengi wataniambia Kiswahili hakitoshi kujaza wiki. Ni kweli hakitoshi. Wildlife Warriors ya Dkt. Paula Kahumbu, iliyoanza Citizen mwaka 2019, inaonyesha Wakenya wenyewe wakiwatunza wanyama wetu, na inazungumzwa zaidi kwa Kiingereza. Makala za bahari za mtangazaji Mwingereza David Attenborough ni za Kiingereza kitupu. Tulichofanya ni kumpa binti yangu mkubwa, mwenye miaka kumi na mitatu, kazi ya kumtafsiria bibi yake. Haruhusiwi kufupisha. Asichokijua aseme hakijui.

Ijumaa moja ilikuwa makala ya kasa. Binti yangu alitafsiri vizuri kabisa mpaka akatajwa kasa wa aina fulani, naye akakwama, kisha akasema, "Bibi, huyu wanamwita kasa mwenye mdomo wa mwewe." Mavyaa akatazama kioo, akasema, "Huyo ni ng'amba." Baba yake alikuwa mvuvi wa Vanga. Akaanza kutueleza: kasa ni huyu na ng'amba ni yule, gamba la ng'amba lilinunuliwa kwa bei likatengenezwa vitana, na jike hupanda ufuoni usiku, akachimba kwa miguu ya nyuma, akataga, akafukia, akarudi majini. Makala ikasema shimo moja huweza kuwa na mayai zaidi ya 100, na kwamba joto la mchanga ndilo linaloamua kama watoto watakuwa majike au madume. Hilo la joto hakulijua, akamwambia binti yangu arudie.

Kisha akasema, bila kuulizwa, kwamba walipokuwa wadogo walikuwa wakiyafukua mayai hayo wakayala. Mwanangu mdogo akamgeukia: "Bibi, mlikula watoto wake?" Nikataka kuingilia kati. Mume wangu akanishika mkono. Mavyaa alinyamaza kidogo, akamjibu, "Tulikula, baba. Tulikuwa na njaa, na hatukujua kama wanaweza kwisha." Binti yangu akasema leo sheria inawalinda, ile ya wanyamapori ya mwaka 2013, walifundishwa shuleni. Runinga iliendelea kuzungumza peke yake pengine dakika kumi, hakuna aliyeisikiliza. Sijui kipindi kile kiliishaje. Na siku ile tulitazama pamoja kuliko siku nyingine yoyote.

Sasa machache ya utendaji. Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya ina alama zake: GE ni kwa watu wote, PG mtoto atazame na mzazi, kisha kuna 16 na 18. Nazisoma, lakini PG naiheshimu kwa maana yake halisi: mzazi awepo, aketi, asiwe jikoni. Kanuni za utangazaji nazo zinataka vipindi vya kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku viwe vya kutazamika na watoto. Kipindi chenyewe huwa kinafuata. Shida yangu ni kinachopenyezwa katikati. Stesheni moja ninayoipenda ilituonyesha saa mbili usiku tangazo la tamthilia yake ya usiku wa manane, na katika nusu dakika ile mlikuwa na kila kitu nilichokuwa nakikimbia. Mpira nao huja na matangazo ya kamari. Siku hizi matangazo yakianza tunazima sauti, na mmoja wetu anauliza swali juu ya tuliyoyaona. Kwa YouTube, zimeni ile sehemu inayoleta video inayofuata yenyewe. Mzazi achague, kisha mashine ingoje.

Siku yetu ni Ijumaa baada ya Isha, maana Jumamosi hakuna shule. Simu huwekwa kwenye sinia juu ya kabati, ya mume wangu pia akiwa hayuko zamu. Panakuwa na kachiri za muhogo na chai. Kila wiki anachagua mtu mmoja kwa zamu, kuanzia mdogo mpaka bibi, na anayechagua lazima awe ametazama sehemu moja ya kipindi hicho na mimi au baba yake kabla. Zamu ya mavyaa mara nyingi huangukia usomaji wa Kurani wa mashindano, na watoto hujaribu kubashiri atakayeshinda. Mwezi wa Ramadhani tunasogeza mpaka baada ya Tarawehe, na mdogo huwa amelala kabla ya mwisho.

Ombi langu kwenu, Mhariri. Ratiba za vipindi mnazochapisha zinaonyesha saa na stesheni. Ongezeni mambo mawili tu: alama ya umri, na lugha inayozungumzwa humo. Hilo la lugha sijaliona likiandikwa popote, na kwa nyumba yenye mzee ndilo la kwanza kuulizwa. Mkikubali, mimi na binti yangu tuko tayari kuwaletea orodha ya vile tulivyokwisha kuvitazama, pamoja na maoni ya mavyaa kwa kila kimoja. Ameshaanza kumsomea binti yangu, naye anaandika daftarini.

Mama wa watoto watatu,
Mikindani, Mombasa