Kabla Hujapanga Kikao, Tazama Mwezi

Kila msimu wa mahafali vijana wawili watatu huniuliza namna ya kuingia kwenye kazi za matumbawe, hasa hizi zinazounganisha nchi kadhaa. Wengi wanataka habari za kozi ya kupiga mbizi na za ufadhili wa masomo. Hayo mtayapata kwingine. Mimi nitawaambia yale niliyoyajua baada ya kuaibika.

Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa jukumu la kupeleka wageni kisiwani, watu wanne wa upande wa wafadhili, wakutane na kamati ya wavuvi wa pweza. Tarehe tulikubaliana kwa barua pepe miezi miwili kabla: Jumanne, saa nne asubuhi. Tulipofika tukamkuta sheha, wazee wawili, na mtoto aliyetumwa kuleta mkeka. Ilikuwa tarehe 16 ya mwezi wa Kiislamu, bamvua lenyewe. Maji yametoka mpaka migongo ya mawe inaonekana, na akina mama wote wako mwambani na vijiti vyao, wanachokoa pweza mashimoni. Nani aache riziki hiyo aje asikilize utambulisho? Mzee mmoja akaniuliza taratibu, "Mwanangu, mwezi hukuutazama?"

Tangu siku hiyo jedwali la maji kujaa na kupwa linakaa ukutani kwangu, kando ya mpango kazi. Vikao huwekwa wakati wa maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, tena si Ijumaa. Mgeni akisema tarehe zake hazibadiliki, mwambie mapema kwamba atakutana na viti.

Jambo la pili ni vipimo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo ushirikiano wa kimataifa unapofia kimyakimya. Kupima mwamba kwenyewe si kazi ya ajabu. Unatandaza futi kamba ya mita 50, unapiga picha kila baada ya hatua fulani, kisha unakaa mezani unaandika kilicho chini ya kila alama: tumbawe hai, mwani, mchanga, sifongo. Mradi mmoja niliofanya kazi ulikuwa na timu pande mbili za mpaka. Tumbawe lililokufa likaota mwani juu yake, sisi tuliliandika "mwani". Wenzetu waliandika "tumbawe lililokufa". Kila timu ilikuwa na sababu zake nzuri. Tulipounganisha majedwali, ungedhani mpaka wa nchi ndio unaoua matumbawe. Tulirudia picha zote, moja moja, kwa wiki tatu.

Kwa hiyo ukiingia kwenye timu ya nchi nyingi, kabla mtu hajavaa mtungi, kaeni na picha ishirini zilezile, kila mmoja aandike peke yake, kisha linganisheni. Mtagombana. Gombaneni hapo, ni bei rahisi. Mwaka 2021 ulitoka uchambuzi uliogawa miamba ya magharibi mwa Bahari ya Hindi katika maeneo 11 na kuonyesha kwamba yote yako hatarini kuporomoka ndani ya miaka 50. Usingewezekana kama kila nchi ingebaki na daftari lake na lugha yake ya kuandika. Mkataba wa Nairobi wa 1985, wa kulinda bahari na pwani, unaziweka nchi kumi za ukanda huu meza moja, kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini, lakini mkataba haukuandikii jedwali.

Bahari nayo haituachii nafasi ya kujitenga. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki unapanda kaskazini, unapita Mafia, Unguja na Pemba kuelekea Mombasa, umebeba mabuu ya samaki na ya matumbawe. Mwamba ukiharibiwa kusini, wa kaskazini unaweza kukosa mbegu.

Joto ndilo halina mwenyewe kabisa. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya ukanda wetu yalipauka, yaani yaligeuka meupe kwa joto, na kufa, na hapo ndipo watafiti wengi wa pwani hii walipoanza kufuatilia miamba mwaka hadi mwaka. Jifunze kusoma tahadhari za setelaiti za Coral Reef Watch ya Marekani. Hujumlisha, wiki baada ya wiki, nyuzi joto zilizozidi kiwango cha kawaida cha msimu wa joto: jumla ikifika 4, tarajia kupauka, ikifika 8, tarajia vifo. Kwetu kipindi cha kuangalia sana ni mwisho wa kaskazi, Machi na Aprili. Lakini setelaiti inaona ngozi ya maji tu. Mvuvi wa dema ndiye atakayekupigia simu kwamba mawe yamekuwa meupe, ikiwa ana namba yako na uliwahi kumpigia wewe hata mara moja bila shida.

Na usidhani ujuzi hushuka kutoka Ulaya tu. Kufunga mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wanenepe kulianza Andavadoaka, Madagascar, mwaka 2004. Kisiwa cha Rodrigues, Mauritius, kikafuata 2012, na Pemba wanafanya Kisiwa Panza. Pweza anaishi muda mfupi na anakua haraka, kwa hiyo matokeo mvuvi anayaona kwa macho yake siku ya kufungua.

Vibali vya utafiti nitavitaja kwa haraka, hutolewa na tume za sayansi: COSTECH Tanzania bara, NACOSTI Kenya, Zanzibar ina utaratibu wake. Matumbawe magumu yako chini ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo hata kipande cha kidole hakivuki mpaka bila karatasi. Anza miezi kabla.

La mwisho, rudisha matokeo kijijini kabla ya kuyapeleka kwenye mkutano wowote. Niliporudi kisiwani, maji mafu safari hii, nilitandika ramani yetu mkekani, ikiwa na vituo vya kupimia A1 hadi A9. Yule mzee wa mwezi akainama, akaweka kidole kwenye A4, akataja jina la jiwe lile, la marehemu nahodha aliyepandisha chombo hapo. Kisha akasogeza kidole nusu sentimita. Jiwe lilikuwa huku, si pale. Tulihakiki kwa GPS kesho yake, na ramani ikabidi ichapwe upya.