Bata mzinga hakatwi kodi, kadi inakatwa

Kaka, umeuliza kwa nini gifti kadi uliyopewa na bosi imekatwa kodi kwenye mshahara, kama umeibiwa. Hujaibiwa, hiyo kadi ya dola 25 uliyopewa wiki ya Thanksgiving (sikukuu ya shukrani ya Marekani, ya kula bata mzinga) lazima ionekane kwenye slipu ya mshahara. Kwa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kadi ya dukani ni sawa na keshi, hata ingekuwa ya dola 5 ni mshahara tu, wakati wenzako waliobeba bata mzinga wa kugandishwa hawakatwi kitu maana zawadi ndogo ya sikukuu isiyo pesa haihesabiwi. Nipo peirolo (kitengo cha mishahara) mwaka wa sita huku na kila Novemba nagombana na watu kwa hili hili, na imeandikwa kabisa kwenye kijitabu cha IRS cha 15-B.

Soshali Sekyuriti (pensheni) na Medicare (matibabu ya wazee) peke yake ni 7.65%, yani kama dola 1.91 kwenye hiyo 25, halafu inakuja inkamu taksi, hiyo inategemea na W-4 yako, ile fomu unayomjazia mwajiri ajue akukate kiasi gani. Ila kuna maboss wanaongeza hela juu ili makato yawe yao, muulize wako, mi wangu hata huyo bata hatoi 😂